Bi Tarehe na Vitabu Visivyotakiwa Kurudi

Katika mji ule kulikuwa na watatu wa kuogopwa: daktari wa meno, mbwa wa fundi bomba, na Bi Tarehe wa maktaba. Daktari wa meno alihamishwa. Mbwa alizeeka akawa anabweka huku amelala. Bi Tarehe akabaki na kazi yote peke yake, na tuseme ukweli, hakulalamika hata siku moja kwamba imemzidi.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za kazini tu. Hilo la Bi Tarehe walimpa wasomaji, kwa sababu ya muhuri wake wa mpira wenye magurudumu matatu: la siku, la mwezi na la mwaka. Kila kitabu kilichotoka maktaba kiligongwa muhuri ndani ya jalada la nyuma, tarehe ya kurudisha, wiki mbili kamili. Ukichelewa siku moja, kesho yake Bi Tarehe yuko mlangoni kwako. Hatumi barua wala hatumi mtu. Anakuja mwenyewe kwa miguu, bila mswalie Mtume. Alimfuata mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi waliojipanga mistari. Alimfuata mama mmoja wodini, mtoto ana siku mbili tangu azaliwe; akampongeza, akambeba kichanga, akamsifia pua, kisha akauliza habari za kile kitabu cha ushonaji.

Na fundi mwashi alifuatwa harusini. Harusi ya mwashi mwenyewe. Bwana harusi amesimama na suti yake, wapambe wako kushoto na kulia, mpiga picha anasema tabasamuni, Bi Tarehe huyo anapita katikati. "Hongera sana, baba," akasema, na sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma. "Kile kitabu cha kujenga matangi kilitakiwa Jumanne." Picha ipo mpaka leo ukutani kwa mwashi: bibi harusi anatabasamu, bwana harusi ametoa macho kama aliyekanyaga msumari.

Mtu akijitetea, "Lakini Bi Tarehe, si wewe mwenyewe uliniambia nikae nacho kidogo?" jibu lilikuwa moja. "Mimi sisemi. Muhuri ndio unaosema." Ukitaka kuongezewa siku, ulete kitabu kaunta, kiongezewe kaunta. Na kitabu kilichorudi leo hakitoki leo, lazima kilale rafuni siku nzima. "Kitabu nacho kinachoka," alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kinachoka nini. Kwa miaka ishirini na sita aliwanyoosha watu wa mji ule, wakanyooka. Kulikuwa na watu waliochelewa kazini, waliochelewa mazishini, waliochelewa hata kuzaliwa, lakini kitabu walirudisha siku yake.

Maktaba yenyewe ilikuwa jengo kubwa juu ya kilima, na paa lake lilianza kushuka taratibu. Akaja mhandisi, akatazama dari, akatoka haraka kuliko alivyoingia. Wiki ileile ikaja barua kutoka makao makuu. Tawi lihamie katika chumba cha biashara chini kule, kwenye safu ya maduka, palipokuwa na duka la viatu. Bi Tarehe akaenda kupima kwa miguu: hatua saba kwa kumi na moja. Maktaba ilikuwa na vitabu elfu nne. Pale duka la viatu, hata ukivipanga hadi mlangoni, vinaingia mia tisa.

Barua ilimalizia hivi: "Vitabu vitakavyokosa nafasi vitachukuliwa kwenda ghala la manispaa."

Sasa ghala lile Bi Tarehe alikuwa analijua. Aliwahi kutumwa huko kutafuta daftari la zamani, akakuta maji yamefika vifundoni na makaratasi yamegeuka uji. Kwenye rafu za juu, ambako maji hayakufika, walifika mchwa. Alirudi na jalada moja tu, na katika jalada hilo mchwa walikuwa wamekula yote ya ndani wakaacha muhuri wa "Siri".

Jioni ile alikaa mezani ameshika tama. Mumewe, seremala aliyestaafu, mtu wa maneno machache na utani mwingi, alimsogezea sahani. "Mama watoto, chakula kinapoa."

"Elfu tatu na mia moja," Bi Tarehe akasema, machozi yakamtoka. Alivipenda vitabu vile kwa namna ambayo watu hawakuijua, maana upendo wote waliouona wao ulikuwa wa kuvidai. Alijua kipi kina harufu ya ukungu, kipi kimekatika uzi mgongoni, kipi kilimwagiwa chai na mwalimu gani na mwaka gani. Wazo la kuvipeleka kwenye maji yale lilimuuma kifuani, na alimwambia mumewe hivyo hivyo, kwamba linamuuma hapa.

Mumewe akaichukua barua akaisoma kwa utulivu wa mtu anayepima ubao. "Wamesema vitakavyokosa nafasi," akasema. "Kitabu kikiwa nyumbani kwa mtu, kimekosa nafasi?"

Bi Tarehe akaacha kulia. Kitabu kilichoazimwa hakikosi nafasi, kina kadi yake na mtu wake. Mkaguzi wa makao makuu angekuja katikati ya mwezi wa tano kuhesabu. Angehesabu vya rafuni, angehesabu kadi za vilivyoazimwa, angetia sahihi, na baada ya hapo ukaguzi mwingine ni miaka kumi mbele. Kazi ilikuwa moja tu: kuazimisha vitabu elfu tatu na mia moja kabla ya kuhama, na kuhakikisha havirudi mpaka mkaguzi aondoke.

Kesho yake akabandika tangazo getini: kila mwenye kadi achukue kadiri awezavyo kubeba. Watu walisoma wakapita. Waliona wazi kuna mtego. Mwashi alisimama upande wa pili wa barabara siku mbili akitazama wanaoingia, na alipoona wanatoka wazima, siku ya tatu akaja na toroli. Akapakia ishirini. Kinyozi akachukua kumi na viwili vyenye picha, vya wateja wake kutazama wakisubiri zamu. Wakaja na mabegi, na magunia, na kigari cha mtoto, mtoto akiwa amebebwa mkononi.

Bi Tarehe aliwaambia wote maneno yaleyale. "Kaa nacho tu. Usiwe na haraka. Hata ukizidisha, safari hii sikufuati." Alisema kwa mdomo, na mkono wake ukafanya kilichozoeleka: ukachukua muhuri, ukagonga. Angeweza kuacha bila kugonga, lakini kwake yeye kitabu kutoka bila muhuri ni sawa na kumtuma mtoto sokoni bila nguo. Hivyo aliyazungusha magurudumu mbele sana, hadi tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mwezi na nusu baada ya mkaguzi kuja na kuondoka, akavigonga vyote tarehe hiyo moja. Wiki tatu, vitabu elfu tatu na mia moja. Kidole gumba chake kiligeuka cheusi, na rafu zikawa nyeupe.

Wakahamia dukani. Mumewe akaja na msumeno, kwa sababu rafu za viatu zimeinama mbele, na vitabu vilivyopangwa asubuhi vilikuwa sakafuni kabla ya saa nne. Akapigilia kijiti ukingoni mwa kila rafu, vikatulia. Kadi za kuazima Bi Tarehe alizipanga kwenye maboksi ya viatu aliyoyakuta, akafuata namba za pembeni, na mpaka leo ukimuuliza kadi yako iko wapi atakwambia, "Uko arobaini na mbili." Kioo kifupi cha kutazamia miguu kilibaki palepale chini ukutani. Watu wazima na heshima zao walisoma huku wakijitazama soksi.

Kilichomsumbua mwanzoni ni kelele. Juu ya kilima palikuwa kimya kama maji mtungini. Hapa kushoto ni kinyozi na redio, kulia ni mshonaji na cherehani mbili, na mbele ni barabara. Halafu dirisha kubwa la maonyesho. Ilimbidi aweke kitu, akaweka vitabu sita wima, na kila siku akaingia mtu anayeuliza bei.

"Haviuzwi."

"Basi vya nini?"

"Vya kuazima. Unasoma, unarudisha."

"Bure?"

"Bure."

"Na viatu mmehamishia wapi?"

Hata hivyo, kusema la haki, watu waliingia. Wale ambao hawakuwahi kupanda kilima, waliodhani maktaba ni ya wenye miwani, waliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mvua inanyesha, au kwa sababu mshonaji amewaambia wasubiri nusu saa suruali ikatwe. Walikaa kwenye vigoda vya kujaribia viatu, wakasoma kurasa mbili, wakaondoka na kadi. Bi Tarehe alianza kupapenda mahali pale, ingawa kwa mdomo aliendelea kulalamika.

Katikati ya mwezi wa tano mkaguzi hakuja. Gari lake lilikuwa limeharibika. Mwisho wa mwezi alikuwa likizo. Kisha ikaja barua ya kuomba radhi na kutaja siku mpya: Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Bi Tarehe akaisoma, akaitundika kwenye msumari, akaendelea na kazi zake. Mtu aliyeishi kwa tarehe miaka ishirini na sita aliitazama tarehe ile siku tano mfululizo asione kitu.

Jumanne asubuhi kinyozi alichungulia mlangoni, chanuo limechomekwa sikioni. "Jirani, niwekee nafasi. Ijumaa nakuletea vile kumi na viwili."

"Vipi hivyo?"

"Vya picha. Tarehe yake si Ijumaa?"

"Nilikwambia ukae navyo."

"Uliniambia," kinyozi akakubali kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Lakini muhuri umesema Ijumaa."

Bi Tarehe akageuka kuitazama barua kwenye msumari. Macho yakamtoka pima. "Nani mwingine anajua kwamba ni Ijumaa?"

"Mji mzima. Hapo kwangu wiki hii hawaongei kingine. Wapo walioomba ruhusa kazini."

Alifunga mlango palepale, akachukua muhuri na kidau chake cha wino, akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anawafuata watu wasirudishe, na wao walipomwona tu anakuja walikimbilia ndani kutafuta vitabu.

Mwashi, Bi Tarehe alimkuta juu ya ngazi anapiga lipu. "Baba, naomba Ijumaa usilete vitabu."

Mwashi akashuka vidato vitatu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mashahidi waliojificha. "Bi Tarehe, mimi nimeoa mara moja tu, na siku yenyewe uliiharibu. Mtego huu siingii."

"Si mtego, mwanangu. Nakwambia kwa kinywa changu."

"Muhuri ndio unaosema," mwashi akajibu, akapanda ngazi yake.

Kwa mwalimu mstaafu alitoa muhuri amwongezee siku, mwalimu akamkumbusha kwa adabu kwamba nyongeza hufanyika kaunta. Bibi mmoja alishtuka sana kumwona akamrudishia vitatu hapohapo, akamwomba radhi, akafunga mlango. Bi Tarehe alitembea Jumanne na Jumatano na Alhamisi hadi visigino vikachubuka. Aliongeza siku kwa vitabu arobaini, na akarudi nyumbani amebeba kumi na saba alivyolazimishwa kuvipokea.

Mumewe alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaona midomo ya mkewe inatetemeka, akaacha. "Umewafundisha vizuri mno," akasema.

"Nitakuwa nimevipeleka ghalani kwa mkono wangu mwenyewe," Bi Tarehe akasema. Hakula.

Ijumaa saa mbili kamili, saa ya kufungua, mkaguzi alifika. Kijana mwenye tai, daftari gumu, na futi ya chuma kiunoni, mtu wa adabu asiyejua utani. Nyuma yake lilikuja lori la manispaa, tupu, likaegeshwa mbele ya mshonaji, na dereva akapandisha miguu juu ya dashibodi akafunga macho. Na nyuma ya lori, toka kwa kinyozi, kupita kwa muuza vyombo, kukata kona hadi pasipoonekana, ulikuwa msururu wa watu waliobeba vitabu. Walikuwa wametulia, wamechana nywele. Hakuna aliyechelewa.

"Wasomaji wako wana nidhamu, mama," mkaguzi akasema kwa dhati.

Bi Tarehe akajikaza kisabuni. Nafasi mia tisa za rafuni zilikuwa zimejaa tangu siku ya kuhamia, hivyo kila kilichorudi kilikwenda chini. Kinyozi akaweka vyake kwenye kigoda. Mwalimu mstaafu akapanga vyake mbele ya kioo cha miguu, vikaonekana mara mbili. Saa tatu hapakuwa na pa kukanyaga upande wa kushoto. Saa nne mkaguzi alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri: Ziada. Halafu akatoka kumwamsha dereva afungue mlango wa nyuma wa lori. Bi Tarehe aliusikia mlango ule ukishuka, akashika kaunta.

Hapo ndipo mwashi alipoingia na toroli lake, au alipojaribu, maana lilipita nusu likakwama mlangoni. Huku hawezi kwenda mbele kwa sababu ya vitabu, huku hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya watu. Akashika mikono ya toroli akangoja kama mtu aliyetiwa hatiani. Nyuma yake alikuwa yule mama wa wodini, ambaye kichanga chake sasa kilikuwa na ndevu. Akainama juu ya bega la mwashi, akaokota kitabu kutoka torolini. "Hiki ndicho nilikitafuta mwezi wa tatu, nikaambiwa kimechukuliwa. Kumbe unacho wewe? Bi Tarehe, naweza kukichukua?"

"Hakijalala," Bi Tarehe akajibu, kwa mazoea.

Kisha akakisikia alichosema. Akatazama kitabu, akatazama lori, akatazama toroli lililoziba mlango. "Kichukue," akasema.

Mama yule hakusogea. "Bila kulala?"

"Kitalala kwako. Lete hapa."

Akazungusha gurudumu la muhuri, akagonga. Akachukua kingine. "Nani mwingine anataka cha matangi? Cha kilimo? Hiki hapa cha nyota, nani hajasoma cha nyota?" Sauti iliyowahi kusimamisha harusi sasa ilitoka nje hadi kwenye kona. Mwanzoni watu walibung'aa. Kisha mshonaji akainua mkono. Kisha watu wakaanza kutazamana vitabu mikononi, huyu akauliza hicho kinahusu nini, yule akajibu kinaanza vibaya lakini kinachangamka mbele, na msururu uliokuwa kimya ukawa soko. Wa mbele aliporudisha, wa nyuma alikichukua kabla hakijagusa kaunta. Waliotoka walirudi kupanga foleni upya, kwa kuwa waliona cha mwenzao ni kizuri zaidi. Bi Tarehe alikuwa amevua viatu.

Kosa la tarehe moja hakulirudia. Kila msomaji alimzungushia gurudumu: huyu siku ya tatu, huyu ya nne, huyu mwezi wa nane, huyu mwezi wa kumi na moja, ili wasije wakakutana tena mlangoni hata iweje. Mkaguzi alisimama kando anatazama kitabu chake cha kanuni.

"Mama, hii ni halali?"

"Kimerudi, kimeandikwa. Kimetoka, kimeandikwa. Kipi hakijaandikwa?"

Mkaguzi akapekua kurasa nyuma na mbele. "Kulala siku moja hakumo," akakiri. "Na ukomo wa vitabu kwa msomaji mmoja haumo pia."

"Hayo niliweka mimi," Bi Tarehe akasema, na aliona aibu kidogo.

Saa tisa alasiri msururu ulikwisha. Mkaguzi alihesabu vya rafuni, mia tisa. Akahesabu kadi katika maboksi ya viatu, boksi kwa boksi, mpaka tai ikalegea. Sakafuni vilibaki vitabu ishirini na nane ambavyo hakuna aliyevitaka. Miongozo ya mizani na vipimo. Takwimu za mvua za miaka ambayo mvua yake ilishakauka. Kitabu cha ufugaji wa nyuki, juzuu ya pili, ya kwanza ilipotea zamani. Hadithi moja isiyo na jalada.

"Hivi ndivyo vilivyokosa nafasi," mkaguzi akasema. Hakusema kwa ubaya.

Mwashi, aliyekuwa anasubiri toroli lake, akatoa kadi yake. Ilikuwa imejaa mbele na nyuma, na ya kinyozi vilevile, na ya mshonaji, na ya mume wa Bi Tarehe. Dereva wa lori akasema angechukua cha nyuki, lakini si mkazi. Mkaguzi akatikisa kichwa, akamgeukia Bi Tarehe. "Na wewe, mama, kadi yako iko namba ngapi?"

 Masikio ya Bi Tarehe yaliwaka moto.

"Sina," akasema.

"Huna kadi?"

"Sijawahi kuwa nayo."

Cherehani ya jirani ilisimama. Kinyozi akasema haiwezekani. Bi Tarehe akatazama sakafu, na kwa kuwa siku nzima alikuwa amevunja kila alichokijenga, akaona amalize kabisa. "Mimi nasoma polepole," akasema. "Polepole sana. Mstari mmoja naurudia mara mbili, nisije nikauacha na kitu ndani. Kitabu kimoja kwangu ni miezi minane. Nilikuwa nasoma mchana wakati wa chakula, nimesimama hapohapo rafuni, naweka uzi, narudisha. Ningekichukua nyumbani ningechelewa. Kila kimoja ningechelewa. Na mimi nikichelewa, nani angenifuata?"

Alingoja wacheke. Haki walikuwa nayo, hasa mmoja wao. Mwashi alikuwa ametazama dari, midomo inacheza. "Ishirini na nane kwa miezi minane," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayepigia hesabu matofali. "Miaka kumi na minane na miezi minane. Ukianza leo."

Mkaguzi akachukua kadi mpya, akaandika jina lake halisi, ambalo wengi pale walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza, wakaliona zuri. Kisha akachukua muhuri. "Kwa mtumishi, kanuni ni wiki mbili, mama. Hili limo."

"Kanuni naijua."

Akagonga mara ishirini na nane, na Bi Tarehe alizisikia zote. Kisha mkaguzi akatia sahihi chini ya ukurasa, akafuta neno Ziada kwa mstari mmoja, akampa mkono. Lori likaondoka tupu. Mwashi akapakia vitabu vile torolini akamsindikiza hadi nyumbani, na njia nzima hakugusia habari ya harusi, ingawa nafasi aliipata.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi ya siku yenyewe Bi Tarehe aliamka moyo unamdunda. Vitabu ishirini na saba vilikuwa chini ya kitanda. Kimoja alikuwa nacho mkononi.

Mumewe akaleta chai, akaketi ukingoni. "Leo ndiyo tarehe, mama watoto."

"Najua."

"Umefika wapi?"

Akaangalia. "Ukurasa wa thelathini na moja. Nyuki ndiyo kwanza wanahama, hawajapata hata mti." Akainua uso, na ukweli aliogopa, na mumewe aliona anaogopa. "Siwezi kuwaacha njiani."

"Basi usiwaache," mumewe akasema, akamsogezea mto.

Akajifunika shuka miguuni, akaurudia mstari aliokuwa ameusoma, akaendelea. Siku hiyo maktaba ilifunguliwa saa mbili na dakika ishirini. Kinyozi alimwona akija, akajifanya anafagia.